Sufuri Iliyokuwa Kikombe

Kakangu alipoileta ile mizani ya umeme sokoni Njukini, mama alijifunga leso kiunoni akapiga vigelegele kana kwamba anaoza binti. Na wacha nikwambie, alikuwa na haki. Miaka yote akina mama wa kwetu waliuza maharagwe kwa debe, na debe la mchuuzi halijai hata siku moja. Ukilijaza anataka kilemba, ule mlima wa juu unaomwagika pembeni. Ukimwekea kilemba analitikisa, kinashuka, anadai kingine. Mizani haikuwa na mambo ya kilemba. Unaweka gunia, namba nyekundu zinawaka kwenye kioo, mnasoma wote, basi.

Kakangu alikuwa ameajiriwa na tajiri mmoja wa Voi awe anamnunulia maharagwe huku mpakani. Mama naye alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, na alizunguka nyumba kwa nyumba mpaka upande wa Chala. "Pelekeni kwa mwanangu," aliwaambia. "Mkipunjwa, njooni kwangu mimi." Wakapeleka. Hawakupeleka kwa sababu ya mashine, maana mashine hawakuijua. Walipeleka kwa sababu ya neno la mama, na mama hakuwa na kitu kingine cha thamani zaidi ya hilo neno.

Shida ikawa jua. Zile namba ukizitazama ndani ya nyumba zinawaka kama makaa. Zitoe nje saa sita mchana, hakuna kitu, unaona uso wako mwenyewe kwenye kioo. Akina mama wakainama, wakakinga kwa leso, wakakinga kwa viganja, huyu akasoma hivi na yule akasoma vile, kelele tupu. "Mashine gani hii kipofu wa mchana?" mmoja akauliza, na soko zima likacheka. Juu ya hayo, vumbi liliingia kila tundu, na barabara ya kutoka Taveta iliirusha mashine ndani ya lori mpaka ikawa inafika imezimia.

Mimi nilikuwa fundi wa cherehani, nashona kwenye baraza la duka pale pale sokoni. Kakangu akanijia. "Dada, wewe ndiye unayeweza. Ishonee kofia."

Nilifurahi jamani! Nikakishonea kile kioo kofia ya turubai, ndani nikaweka bafta nyeupe ili ipendeze. Upuuzi mtupu. Ule weupe ulilivuta jua ukalimwaga kwenye kioo, ikawa afadhali ya bila kofia. Nikafumua. Nikachuna kitambaa cha mwavuli mweusi uliovunjika, nikakiweka ndani, na mbele nikakata kadirisha ka kusomea. Halafu nikaona dukani karatasi laini nyekundu ya kufungia peremende, ile unayoona upande wa pili. Nikaijaribu kwenye kadirisha. Lo! Jua likafifia, namba zikabaki zimesimama peke yake. Chini nikaweka sponji ya kiti kikuukuu ili barabara isiitikise, na pembeni nikashona sketi ya nailoni ya kuzuia vumbi. Kakangu akaniinua mkono mbele ya watu akasema hakuna fundi kama dadake kutoka hapa mpaka Mombasa. Kilemba cha ukoka hicho, na mimi nikakivaa nikazunguka nacho.

Mama ndiye aliyewafundisha wenzake kusoma. Yeye alikuwa anakwenda ngumbaru, lile darasa la watu wazima, na aligundua kwamba namba za mashine ni vijiti vya kiberiti tu. Aliwakalisha chini akavipanga. Vijiti viwili vya kusimama, moja. Weka cha tatu kilale juu, saba. Vikizunguka pande zote, sufuri. Baada ya muda hata nyanya asiyejua kuandika jina lake alichungulia kwenye kofia yangu akataja kilo zake mwenyewe. Nakwambia, nilikuwa nikiwasikia kutoka kwenye cherehani na moyo unanijaa.

Msimu wa pili, kakangu akaja na kofia mkononi. "Dada, jua bado linaingia kwa juu. Teremsha ukingo wa dirisha kidogo, upana wa pindo." Nikamuuliza kama namba hazitakatika. "Njoo uone," akasema. Akaiwasha mashine, akaweka mtungi wa maji, akaushikilia ukingo chini kwa vidole, nikachungulia. Nikaona moja na moja, zimekaa vizuri, hazikugusa ukingo. Nikashona. Mpaka leo sijui kama ilikuwa kumi na moja kweli.

Wiki hiyo mama alipima gunia lake akaangua kicheko. "He! Leo sufuri yenu imekuwa kikombe! Imefunguka mdomo!" Tukaenda kuchungulia, kweli, ilikuwa nne na kikombe. Kakangu akacheka kuliko wote. "Mama, ni betri imechoka. Hiyo ni arobaini." Na ilikuwa arobaini. Basi ikawa mzaha wa soko, mtu akipata sufuri anaambiwa akanywe chai. Nami nilicheka. Nilicheka na pindo langu mwenyewe!

Siku ya soko moja ukingo wa juu ukaachia uzi. Kakangu alikuwa amekwenda hotelini kunywa chai na dereva wa lori, na gunia la jirani yetu lilikuwa bado juu ya mizani, limekwisha somwa arobaini na moja. Nikachukua sindano nikaenda kushona hapo hapo. Ili nishone vizuri nikafumua pindo lote. Lilipoinuka, kwenye ile moja ya mwisho kikatokea kijiti cha tatu, kimelala juu, chekundu, kinaniangalia.

Saba. Arobaini na saba. Nikateremsha pindo, moja. Nikainua, saba. Kilo sita za mama wa watu zilikuwa zimefichwa chini ya kipande cha kitambaa nilichokikunja kwa vidole vyangu. Nilimwita mama kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

Mama aliinama akachungulia mwenyewe. Akamtuma mtu amwite kakangu. Alipokuja, meno yakiwa nje kama kawaida yake, mama akatoa kiberiti kwenye pindo la leso, akapanga vijiti viwili juu ya gunia, akina mama wote wamezunguka.

"Hii ni ngapi, mwanangu?"

"Moja, mama."

Akaweka cha tatu juu. "Na hii?"

Kakangu aliangalia vijiti, akaangalia ile kofia iliyofumuliwa, halafu akaniangalia mimi. Nilidhani ataomba msamaha. Nilikuwa tayari hata kumtetea, mjinga mimi. Akasema, polepole kabisa, "Mimi ni karani, nasoma ninachokiona. Muulizeni fundi. Mimi nimeshika sindano lini?"

Ebo! Kakangu wa tumbo moja! Nikapiga kelele, "Si uliniletea kofia wewe? Si ulisema jua linaingia?" Lakini kadiri nilivyopiga kelele ndivyo nilivyozidi kufanana na mtu aliyebanwa. Yeye, mtulivu, alipangusa vumbi kwenye mashine.

Mama akanigeukia. "Ulishona wewe?"

"Mama, nilishona, lakini ni yeye aliyesema niteremshe..."

"Nimekuuliza, ulishona wewe?"

"Nilishona."

Jirani yetu alikwenda kwenye baraza langu, akavuta kitambaa chake cha gauni kutoka chini ya cherehani, akakikunja akaenda zake. Wengine wakamfuata. Kakangu alipanda lori jioni hiyo na mizani yake akahamia Voi, na nasikia aliendelea kununua maharagwe kwingine, na watu wakimsifu. Mama aliuacha uenyekiti kabla hajaambiwa auache. Akina mama wakarudi kwenye debe na kilemba chake, na waliponipita barazani walisalimia cherehani, si mimi.

Mama hakuwahi kuniambia kwamba haniamini. Tulilima pamoja, tulikula pamoja, tulikaa benchi moja kanisani. Nikajiambia yamekwisha. Pasaka ikakaribia, akaniletea kitambaa cha buluu nimshonee gauni, na nilifurahi jamani. Nikamsimamisha mlangoni penye mwanga, nikachukua tepu ya kupimia, nikamzungushia kiunoni.

"A-a," mama akasema, kwa upole tu. "Nipe."

Akaichukua tepu mkononi mwangu, akajizungushia mwenyewe, akainama akaitazama kwa makini. Akanisomea namba, nami nikaandika.