Mgeni Niliyemtuma Jikoni

Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya kuwakaribisha watafiti wanawake kutoka nchi za nje, katika maabara yetu ya mbegu hapa Kitale. Cheo hicho nilikipigania. Jumatatu tulikuwa tunamngoja daktari kutoka Burundi, bingwa wa magonjwa ya mahindi. Nilijua tu atakuja na suti na viatu virefu.

Akaingia mama mmoja aliyejifunga leso, viatu vimejaa tope. Hata jina sikumuuliza.

"Mama, umechelewa bana! Weka chai haraka, mgeni yuko njiani."

"Vikombe vingapi?" akauliza kwa upole.

"Kumi na viwili. Na usiguse karatasi za watu."

Chai ilipoletwa, nikasimama kuwahutubia wenzangu: mwanamke mgeni asidharauliwe, asipimwe kwa mavazi yake. Wakapiga makofi, isipokuwa mkurugenzi.

"Hotuba nzuri," akasema, "lakini mbona daktari ndiye anayetumiminia chai? Asubuhi nilimwacha shambani akikagua mahindi."

Nikamgeukia yule mama.

"Nilidhani ndiyo desturi yenu," akasema, huku akiniongezea chai, "mtafiti mpya aanzie jikoni."