Vidonge Vilivyogombana

Mimba yangu ya pili ilipoharibika, nilirudi Chukwani kwa mama. Nilikuwa mwalimu wa darasa la pili, lakini kazi ilinishinda. Watoto wakinisalimu tu, machozi yananitoka. Daktari mmoja mjini akanipa vidonge vya huzuni. Vilinisaidia kidogo, ila usingizi ukanipotea kabisa. Nikaenda kwa daktari mwengine, nikamwonesha vile vya mwanzo. Akavitazama, akanirudishia, akaniongeza vyengine.

"Endelea navyo vyote," alisema.

Haikupita wiki. Asubuhi moja nimekaa uani nachagua mchele, mguu wa kulia ukaanza kuruka wenyewe. Nikaukandamiza kwa mikono. Ukaanza na wa kushoto. Sinia likapinduka.

"Mama, nnaungua!"

Mama alitoka jikoni mbio. Jasho lilikuwa limenilowesha mpaka kanga imenigandia, na taya zimekaza. Akanishika kichwa, akaanza kunisomea dua. Jirani wetu mmoja aliyesikia kelele akaja akasimama mlangoni.

"Huyo kaingiwa," alisema. "Mpelekeni kwa fundi wa mashetani, mapema."

Nilimsikia vizuri. Nilitaka kumjibu, lakini ulimi haukunyanyuka. Walikuwa wakizungumza juu yangu kama vile sipo.

Mdogo wangu ndiye aliyetuokoa. Alifika kwa teksi, akavikusanya vidonge vyote mkobani.

"Hospitali kwanza," alimwambia jirani. "Shetani kama yupo, atasubiri."

Huko, daktari, binti mdogo kwangu kwa umri, alinikunja wayo kwa ghafla, ukabaki unapigapiga wenyewe. Halafu akayasoma maboksi ya vile vidonge.

"Nani kakwambia unywe vyote pamoja?"

"Daktari," mdogo wangu akajibu kwa niaba yangu.

Binti yule aliyaweka maboksi mezani. "Vimegombana mwilini mwake. Tunavisimamisha vyote leo."

Wakanitundikia dripu, wakanichoma sindano ya kutuliza. Homa ikashuka, na siku chache baadaye wakaniruhusu. Nikadhani yamekwisha.

Kumbe nyumbani ndiko kulikokuwa na kazi: mwili ulikuwa ukivililia vile vidonge vilivyokatwa ghafla. Kila nikigeuza macho, kichwani kunapita kitu kama umeme. Mikono ilitetemeka hata kufunga kanga siwezi. Mama, mwenye magoti mabovu, alinikogesha kama alivyonikogesha utotoni. "Nyanyua mkono. Haya, na huu." Nami nainyanyua, nalia, maji yananichuruzika usoni pamoja na machozi. Na ile huzuni iliyonipeleka kwa madaktari ilirudi yote, safari hii bila ya dawa ya kuizuia.

Siku moja nilimuuliza, "Mama, na nikibaki hivi?"

Kijiko kilikuwa mkononi mwake. Alikoroga nacho bakulini muda mrefu.

"Fungua mdomo," alisema. "Uji unapoa."

Mtetemeko ulipungua taratibu mno. Sikuweza kusema leo nafuu kuliko jana. Ulipokwisha, daktari yule yule alinianzishia dawa moja, dozi ndogo. Nilikaa na kidonge kiganjani mpaka rangi yake ikaanza kuniganda. Mama alitia maji kwenye gilasi, akaiweka karibu yangu. Nilikimeza kwa sababu sikuwa na jengine la kufanya.

Sasa nimerudi skuli, nasomesha nimekaa kwa sababu nachoka haraka. Ziko siku nzuri. Ziko nyengine siwezi kutoka kitandani, na mdogo wangu humpigia simu mwalimu mkuu kunisemea, nami nimelala namsikiliza akitafuta maneno.