Kitambaa ya Mchumba Wangu Imetokea kwa Picha ya Mgombea

Mwenye ukurasa wa barua hapa gazetini, ficha jina yangu, hata ile ya baba. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na mbili, kwetu ni magharibi. Nafanya kazi kwa duka ya Mhindi hapa Westlands, kubeba magunia na kupeleka vitu na baiskeli kwa nyumba za Wazungu Muthangari. Shule niliacha darasa ya tatu. Mbele ya watu maneno hainitoki, tangu utoto niko hivyo.

Hii kazi nilitafutiwa na mtu mkubwa wa kwetu. Yeye ana malori na nyumba ya vyumba vinne. Sasa chama yetu ya watu wa nyumbani inataka kuchagua mtu mmoja agombee kiti cha Mwafrika kwa Baraza ya kutunga sheria, yeye ama mwalimu mmoja. Mimi kura ya serikali sina, hiyo wanapewa waliosoma na wenye mali, lakini kwa chama kila mtu anainua mkono. Watu walianza kunung'unika ati huyu tajiri hajui shida yetu. Basi Jumamosi moja akaja kwa chumba yangu nyuma ya duka, amevaa koti imechanika, yuko na mwandishi wa gazeti na kamera.

"Kijana, nipe nafasi kidogo," akasema, akakaa kwa kitanda yangu. Nitasema ukweli, nilifurahi. Mtu kama yeye kukalia blanketi yangu.

Akamwambia mwandishi, "Hapa ndipo nalala, kama mfanyakazi yeyote."

Kwa ukuta kulikuwa na kitambaa nyeupe ya maua mekundu, mchumba wangu alinishonea na mkono yake. Mwandishi akauliza nani alishona. Mzee akacheka. "Mama watoto huyo. Hata kwa umaskini anataka maua."

Halafu mwandishi akaniangalia. "Na wewe ni nani?"

Nikasema, "Mimi ni mgeni wake."

Hakuna mtu alinilazimisha. Hiyo ndiyo inaniuma.

Picha ikatoka, kitambaa inaonekana wazi, na chini imeandikwa mke wake alishona. Gazeti ikafika mpaka nyumbani. Shemeji yangu, kaka ya huyo msichana, anachonga mawe Kinoo. Akanijia dukani na vumbi yake yote.

"Shemeji, ile chumba ulinionyesha ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

"Sasa mbona kitambaa ya dada yangu imekuwa ya mke wa mtu?"

Nikamweleza yote. Akatema mate kando. "Mimi naweza kukuamini. Lakini baba amesomewa gazeti. Kule wanawake wanamuuliza dada yangu ameolewa lini na mwenye malori. Siku hizi anaenda mtoni wakati wenzake wameshatoka."

Nikaenda mjini kwa ofisi ya hiyo gazeti. Yule mwandishi hata hakukataa. "Niliona sanduku chini ya kitanda, jina yako imeandikwa na rangi. Nilijua."

"Basi andika ukweli, bwana."

"Huyo ndiye mtu wetu. Mwalimu tutamwandika akishindwa." Akanipa sigara. Nikaichukua, na mimi sivuti.

Chama inakutana kuchagua Jumapili ya mwisho ya mwezi. Shemeji anataka nisimame mbele ya wote niseme chumba ni yangu na kitambaa ni yangu, ndiyo apeleke habari kwa baba. Nikinyamaza, mambo ya ndoa imekwisha, na yule msichana atabaki na hiyo aibu ya bure. Nikisema, kazi imeenda, chumba imeenda, na nikimuoa nitamweka wapi? Nimejaribu kuyasema hayo maneno peke yangu, mlango nimefunga. Hata hapo sauti inakataa.

Nyinyi mnaosoma, wanaume na wanawake, nishaurini, nifanye nini kabla ya hiyo Jumapili? Na wewe mwenye ukurasa, kama hata gazeti yenu iko na mtu wake, uniambie tu, nijue nimeuliza nani.