Gitaa Lisilo na Kilema

Wananchi wote wanatangaziwa, wakiwemo walio kwenye foleni ya mafuta ambao ndio pekee wenye nafasi ya kusikiliza matangazo marefu, kwamba Mheshimiwa Télesphore, Papa Landry, Mlezi Mkuu wa Magitaa Yaliyokataliwa na Mtetezi wa Mbao Zenye Makovu, mwenye makao yake Nyakabiga, Bujumbura, kati ya kinyozi na mwuza makaa, angali hai na angali anafungua duka kila siku isipokuwa siku ya Mungu. Familia haikumtuma mtu kutangaza haya. Yeye mwenyewe angependa tunyamaze.

Duka ni chumba cha mbele cha nyumba yake. Ukutani kuna misumari, kwenye kila msumari limening'inia gitaa la umeme, na kila gitaa lina aibu yake. Kiwanda kiliyatengeneza, kikayatazama, kikaona haya kuyatia kwenye sanduku la heshima: hili rangi yake ilichuruzika kama kamasi za mtoto, lile mbao yake ina fundo, jingine vanishi ilivimba kama uso wa mlevi wa Jumatatu. Huko kiwandani huyagonga namba mbili kwa chuma nyuma ya kichwa, ili popote yatakapofika yasisahau kwamba si ya kwanza. Kisha yanauzwa kwa mafungu, bei ya kutupa, na kupelekwa mwisho wa dunia. Mwisho wa dunia ni sisi. Atumani wa Buyenzi huyaleta kutoka Dar es Salaam kwa lori, yakiwa yamelaliana na masufuria.

Wanunuzi ni kwaya za makanisa, nazo mjini hapa ni nyingi kuliko dhambi zinazozihitaji.

Télesphore ana utaratibu wake. Hasifu gitaa hata mara moja. "Uzuri utajionea mwenyewe," husema. "Mi kazi yangu ni kukuonyesha kilema." Anakushika kidole, anakiweka juu ya kovu lenyewe, na unatakiwa useme kwa sauti: "Nimekiona, nimekikubali." Usiposema, huuziwi. Wapo wanaume walioingia pale kutafuta gitaa wakatoka wakijiuliza kwa nini hawakuoa kwa utaratibu huo.

Jambo moja tu halikuwa na mahali pa kuweka kidole. Landry, mtoto wake wa kwanza, mpiga solo aliyegombaniwa na kwaya zote za Nyakabiga, miaka kadhaa iliyopita alipanda mtumbwi wa mota kwenda kupiga kwenye harusi mjini Baraka, ng'ambo ya ziwa. Mtumbwi ulizama. Ziwa lilirudisha watu wote, mmoja mmoja, hata yule ambaye ndugu zake hawakuwa na haraka naye. Landry halikumrudisha. Tangu siku hiyo neno la baba lilikuwa moja: "Hajarudi." Si "alikufa", si "marehemu". Hajarudi, kama mtu aliyetumwa sukari, na sukari siku hizi kweli inachelewesha watu.

Kwetu mtu akishafariki hubaki na madai mawili: azikwe, na familia iganduke. Siku ya kuganduka watu hukusanyika, hunywa, husikiliza hotuba ndefu kuliko msiba wenyewe, halafu baba mwenye nyumba husimama na kutamka kwamba kilio kimekwisha. Asipotamka, hakijaisha. Scholastique, mama wa Landry, alikuwa amekaa kilioni peke yake miaka yote hiyo. Harusi haendi. Ngoma ikipigwa kwa jirani, anaingia ndani na kufunga dirisha.

"Papa Landry, tuganduke," alikuwa akimwomba.

"Unagandukia mutu hajafa?"

Na huko nje mtaa mzima unapita ukisalimia: Papa Landry, mwakeye! Mama Landry, habari ya nyumba! Hivyo ndivyo heshima inavyotaka, mzazi aitwe kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Heshima hiyo ilimwita marehemu pale mlangoni toka asubuhi hadi jioni, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuibadilisha.

Ndipo likaja lile gitaa.

Lilikuwa jekundu la damu ya mzee, shingo nyembamba, namba mbili imegongwa nyuma ya kichwa kama ndugu zake wote. Télesphore akalipeleka mlangoni kwenye mwanga atafute kilema. Hakukiona. Akalitoa kamba, akachungulia shingo kama mtu anayelenga bunduki. Imenyooka. Akapapasa vanishi kwa ncha za vidole akiwa amefumba macho. Laini. Akafungua kifuniko cha nyuma, akanusa nyaya. Majirani wakaja kusaidia, kwa maana jirani yeyote wa Nyakabiga ni bingwa wa kuona kasoro, hasa za wenzake. Kinyozi akasema rangi inamkumbusha mkwewe. Zaidi ya hapo hawakupata kitu.

"Basi ni zuri, weka bei ya zuri," wakamwambia.

"Haiwezekani. Kiwanda haitupi bure. Kuna kitu waliona."

Akalitundika kwenye msumari wa katikati, na hapo ndipo nyumba ilipoanza kuharibika.

Kila asubuhi alilikuta kamba ile nyembamba kuliko zote imeshuka sauti. Si sana, kiasi cha nywele. Anaivuta, inakaa sawa. Kesho yake imeshuka tena, kiasi kilekile. Sasa, aliyewahi kusikia Landry akipiga anajua kwamba yeye kamba hiyo aliiacha chini kidogo kwa makusudi, akisema ikikaza sana inalia kama sista anayegomba. Hakuna mpiga gitaa mwingine mwenye akili timamu aliyefanya hivyo.

Scholastique aliliona hilo kabla ya mumewe kulikubali.

"Papa Landry, ile kamba inalegea kila siku. Si ndiyo kilema yake?"

"Iyo si kilema," akasema Télesphore. "Iyo ni tabia."

Na huyu ndiye aliyewahi kukataa kuuza gitaa linalofaa tu kuzuilia mlango kwa sababu mnunuzi hakuona mkwaruzo wenye urefu wa mchwa!

Kuna kitu wengi hawakijui. Gitaa la umeme likipigwa bila umeme halinyamazi. Linatoa sauti nyembamba, kavu, kama mtu anayesema chumba cha pili na hataki umsikie. Bujumbura, kwa jinsi umeme wetu ulivyo, sauti hiyo ni ya kawaida. Siku moja mchana, jua limesimama, umeme umekatika, Scholastique yuko nyuma ya nyumba anachambua maharage. Akasikia dukani mtu anaweka kamba sawa. Akajua ni mumewe. Akainua kichwa amwulize kama atakula sasa, akamwona mumewe uani, mbele yake, ameshika bidoni ya maji, naye ameganda.

Wakasikiliza wote wawili. Sauti ikazipanga kamba tano vizuri. Ikafika ya sita. Ikaiacha chini kidogo.

Télesphore akaweka bidoni chini, akapita pazia. Dukani hamna mtu. Mlango wa mbele umefungwa kwa komeo la ndani. Magitaa yote yametulia kwenye misumari yake kama wafungwa siku ya ukaguzi, ila lile jekundu, kamba yake nyembamba ilikuwa bado inatetemeka.

"Panya," akasema.

"Panya anapiga gitaa?"

"Panya wa Nyakabiga."

Scholastique hakucheka. Kuanzia siku hiyo alimsikia mumewe asubuhi, kabla ya kufungua duka, akisema maneno polepole kule mbele. Akasogea karibu na pazia asikie. Alikuwa anauliza: "Umeamkaje?" Halafu ananyamaza, muda wa kutosha mtu kujibu.

Wakati huo Joëlla naye alikuwa ameanza kuja. Huyu ni binti wa mtaa wa Mutanga Sud, anasoma huko karibu na chuo kikuu na anaongoza kwaya ya vijana. Akalishika lile jekundu, akapiga mstari mmoja wa wimbo wa kanisa, na kinyozi wa jirani akazima mashine yake mteja akiwa na nusu ya nywele.

"Tonton, hii inaimba. Niuzie."

"Siwezi. Sijaona kilema yake."

"Heh! Watu wote wanatafutaka gitaa haina kilema, we unakataa kuuza juu haina?"

"Nitakuonyesha nini? Nitaweka kidole yako wapi?"

"Labda siku ile walikuwa wamechoka tu kiwandani, tonton. Walitaka kurudi nyumbani, wakaigonga namba mbili."

"Mutu hatupwi juu watu wamechoka," akasema Télesphore.

Alisema mtu. Joëlla alisikia, akarudisha gitaa kwenye msumari kwa mikono miwili, akaaga.

Scholastique akaona sasa basi. Mumewe akiwa ameshuka Buyenzi kwa Atumani, akamwita Pasta Eddy, mtaalamu wa kutoa mapepo katika vyombo. Ndiye aliyewahi kufunga na kuombea friji iliyokataa kugandisha, mpaka umeme uliporudi na jina la Bwana likatukuzwa. Akaja kwa miguu, mafuta hamna, jasho tupu, na chupa yake ya mafuta ya upako, ambayo huyachanganya na manukato ili Roho Mtakatifu asije akakosea nyumba.

Akaliangalia gitaa. Akaanza kwa Kiswahili: "Pepo, toka!" Kimya. Akaenda Kifaransa: "Sors!" Kimya. Kirundi: "Sohoka!" Akasimama, akafuta shingo.

"Mama Landry, hii ilitengenezwa wapi?"

"Uchina, pasta."

Pasta akafikiri. Kichina hakuwa nacho. Akaona amalize kwa mafuta, akamimina mengi, kwa upendo, juu ya tumbo la gitaa, akaomba hadi mwuza makaa akaitika amina. Akapewa Fanta, akaondoka.

Mafuta hayakudhuru kitu. Manukato ndiyo yaliyofanya kazi: alkoholi yake ikaila vanishi. Scholastique alipofuta kwa kitambaa, kilichobaki ni baka jeupe, kubwa kama kiganja, kwenye ule wekundu.

Télesphore aliporudi alimkuta mkewe amekaa kwenye kiti cha wateja, gitaa mapajani.

"Mi ndiye nilimwita pasta," akasema. "Unigombeze mi."

Hakugomba. Akachukua gitaa, akalipeleka mlangoni. Akasugua baka kwa dole gumba, akasugua kwa shati, akapuliza pumzi, akasugua tena. Halikutoka. Akabaki amesimama pale, mgongo umegeukia ndani, muda mrefu kiasi cha wapita njia wawili kumwita Papa Landry bila kujibiwa.

"Ina kilema," akasema mwishowe.

"Ina kilema."

"Sasa mutu akija kununua nitasema nini?"

"Utasema kile unasemaka siku zote," akajibu Scholastique, na sauti yake ilikuwa inaomba.

Joëlla akaitwa kwa simu, akafika akihema. Alipoliona baka alitaka kulia, kisha akakumbuka bei itashuka, akajizuia. Télesphore akamshika kidole, akakiweka juu ya weupe.

"Nimekiona, nimekikubali," akasema Joëlla haraka, akanyoosha mkono achukue mali yake.

Télesphore hakuachia kidole. Akakivuta taratibu kupanda shingo ya gitaa mpaka kwenye kichwa, kwenye ufunguo wa kamba ya mwisho.

"Na hapa. Hii kamba inalegea. Utaivuta, itashuka. Utaivuta tena, itashuka tena."

"Si ulisema iyo ni tabia, tonton?"

"Nilikuwa nadanganya. Ni kilema."

Joëlla akamtazama, akamtazama na mama aliyesimama penye pazia. Safari hii hakuharakisha. "Nimekiona. Nimekikubali." Na pale kwenye pazia Scholastique, ambaye hakuna aliyemshika kidole, akayasema maneno hayohayo.

Kuganduka kulifanyika uani, chini ya turubai la kuazima. Kwa kuwa hakuna kaburi, familia ilianza asubuhi kwa kushuka hadi ufukweni, wakasimama mbele ya ziwa ambalo halikuwa na la kusema. Pasta Eddy aliomba kwa ufupi usio wa kawaida yake, kwa maana Télesphore alikuwa anaitazama chupa. Kisha baba mwenye nyumba akasimama. Watu walijiandaa kwa hotuba; wengine walikuwa wameshafungua chupa ya pili ili kuistahimili.

"Tumemaliza," akasema Télesphore. "Kuleni." Akakaa.

Wazee walinung'unika kwamba hiyo si hotuba, ni amri ya mpishi. Lakini muziki ulipowashwa Scholastique aliinuka. Alicheza vibaya, kwa hofu, kama mtu anayejaribu viatu vya zamani akidhani labda mguu umekua. Hakurudi kukaa mpaka turubai lilipokunjwa.

Wiki iliyofuata mimi, kwa niaba ya mtaa ambao pia haukunituma, nikaenda kusimama kwenye mlango wa duka. Msumari wa katikati ulikuwa mtupu. Nikakohoa kama balozi, nikamwuliza Mheshimiwa iwapo yule aliyekaa ndani ya gitaa lile, mgeni wa saa za mchana, mpangaji asiyelipa kodi, hatimaye amepata pumziko; iwapo, kwa ufupi, amekwenda kweli.

Télesphore alikuwa anapiga tupa shingo ya gitaa jingine. Hakuinua kichwa.

"Gitaa iko Mutanga Sud. Mutoto alikufa. Toka mulangoni, unanizibia mwanga."