Siku Niliyofanywa Bibi ya Daktari Kibet

Nacheka sasa, lakini siku hiyo ardhi ingepasuka ningeshukuru, na hata leo nikiona mtu wa Turbo hapa Eldoret navuka barabara kwanza, salamu baadaye.

Mimi niko ofisi ya rekodi katika hospitali moja mjini (jina niachieni, bado natafutia ugali humo). Kazi yangu ni kusoma alichoandika daktari na kuugeuza ugonjwa uwe namba, maana watu wa bima hawasomi huruma, wanasoma namba. Basi nikaletewa faili la Mzee Barasa, mkulima wa mahindi wa Turbo. Alikuwa amelazwa kama mtu wa kuumwa mgongo tu, bima ikampa siku tano, na zilikuwa zinaisha kesho yake, kumbe vipimo vimeonyesha diski za uti wa mgongo zimevimba kwa maambukizi, ugonjwa wa kudungwa dawa ya mshipa wiki sita. Nisipotuma namba mpya kabla ya saa kumi jioni, mzee anarudishwa nyumbani na vijidudu vyake mgongoni. Na namba hiyo inataka ijulikane ni sehemu gani: shingoni, nyuma ya kifua au kiunoni. Daktari Kibet alikuwa ameandika ugonjwa, sehemu hakuandika.

Kuna fomu ya kumuuliza daktari. Lakini mara ya mwisho nilipompelekea huyo, alikuja mwenyewe dirishani akaniuliza mbele ya foleni nzima, "Madam, wewe ulisomea udaktari wapi?" Nikaona heri niende wodini nimuulize mgonjwa mwenyewe. Si mgongo ni wake? (Akili ni nywele, na siku hiyo nadhani nilikuwa nimenyoa.) Na kwa vile mvua ilikuwa imeninyeshea kwenye boda kutoka mtaa wa Pioneer, sweta imelowa chepechepe, nikachukua koti jeupe ambalo daktari mmoja alilisahau nyuma ya mlango wetu nikavaa, la nani sikuangalia.

Ilikuwa saa ya kuona wagonjwa. Mzee Barasa nikamkuta amezungukwa na akina mama wa kanisa kama kumi hivi, wanaimba, mkewe ameshika chupa ya uji. Wimbo ukakatika.

"Daktari amefika! Mungu ni mwema!"

Nikafungua mdomo kusema mimi ni wa rekodi, lakini kiongozi wao, mama mwenye sauti isiyohitaji spika, tayari alikuwa anasoma maandishi kifuani kwangu. "Dokta Kibet. Kibet? Si hilo ni jina la mwanaume?" Akafikiri kidogo, akajijibu. "Aah, huyu ni bibi ya Kibet!"

Nikapigiwa vigelegele vya bibi arusi, mimi ambaye hata mchumba sina, na badala ya kukataa nikatabasamu. Hapo ndipo nilipoharibu.

"Mzee, panauma wapi?" Akaonyesha kiunoni. Nikaandika kiunoni, nikageuka niende zangu, Mama Barasa akanishika mkono. "Daktari, wametuambia anatoka kesho, na hata kukaa hawezi. Kweli anatoka?" Macho yake yalikuwa mekundu, jamani, nikashindwa kumkimbia.

"Hatoki, Mama. Ni dawa ya wiki sita."

Wodi nzima ikalipuka kwa shangwe, nikavutwa katikati, wakataka nimwekee mgonjwa mkono tuombe, nikaweka, nikafumba macho. Katikati ya maombi nikasikia mlango, kisha yule kiongozi akisema bila hata kufumbua macho, "Wewe baba na hao vijana wako, ngojeni huko nje, daktari bado anahudumia."

Nikachungulia kwa jicho moja. Alikuwa Daktari Kibet, amevaa sweta ya kijivu, na wanafunzi sita wa udaktari nyuma yake.

"Daktari gani?" akauliza.

"Huyu hapa, bibi ya Kibet."

"Kibet ni mimi," akasema polepole, "na bibi yangu nimemwacha nyumbani. Lakini hiyo koti naijua."

Wanafunzi walicheka mpaka mmoja akaegemea ukuta. Akina mama walinitazama kama mwizi wa sadaka. Nikavua koti, nikasema yote kwa pumzi moja, kwamba mimi ni wa rekodi, kwamba hakuandika sehemu, kwamba bima inakatika kesho, kwamba namwogopa. Nililia kidogo pia, sitadanganya.

Akasoma faili, akalirudia. Kisha akatazama karatasi yangu. "Nani amesema kiuno?"

"Mzee."

"Picha inaonyesha ni juu, nyuma ya kifua. Kiuno kinamuuma kwa sababu ya godoro letu. Ungetuma hii, bima wangelinganisha na picha, wakatae kila kitu."

Aibu ya koti ilikuwa ndogo, nilikuwa karibu nimfukuzishe mzee wa watu kitandani kwa kalamu yangu mwenyewe. Daktari akaandika sehemu, akatia sahihi, nami nikakimbia ngazi zote, namba ikaenda saa kumi kasoro dakika sita. Mzee akapata wiki zake sita, mimi nikapata barua ya onyo.

Tangu hapo nimeapa: faili likikosa hata neno moja, natuma fomu kwa daktari, aje anigombeze dirishani apendavyo. Mgonjwa simuulizi kitu, na swali lake silijibu.

Siku ya kuruhusiwa, Mzee Barasa alikuja dirishani kwangu kwa miguu yake mwenyewe. "Daktari, nikifika nyumbani naweza kubeba gunia la mahindi?"

"Mzee, mimi si daktari. Muulize Daktari Kibet."

"Huyo nimeshamuuliza, amekataa," akasema, akisogeza sikio. "Ndio maana nimekuja kwako."