Mdogo wangu alikosa siku zake baada ya msiba, shangazi akaanza kutafuta mkwe

Wakuu, poleni na majukumu. Haya ni ya nyumbani kwangu, sijaongeza chumvi.

Mimi ni kifungua mimba. Baba alitangulia, mama akamfuata mwaka jana. Shule niliacha mapema, nauza asali inayotoka Ipole hapa Kanyenye, Tabora mjini. Mdogo wangu Kabula anajifunza ushonaji.

Baada ya arobaini ya mama, Kabula alibadilika. Asubuhi nzima yuko dirishani, kanga ya mama mabegani, anatazama barabara ya vumbi ambayo wazee wanasema misafara ya pembe za ndovu ilipita zamani.

Ukimwita anageuka taratibu, kama mtu anayetoka chini ya maji.

"Kaka, nasikia mama anachekecha unga," aliniambia siku moja.

Wakuu, na mimi nilitega sikio.

Kisha shangazi, dada wa baba, akagundua binti hapati siku zake. Akaamua ni mimba. Mhusika akapatikana hapo hapo: fundi baiskeli anayemsalimia kila asubuhi. Ndoa ikaanza kupangwa.

"Shangazi, kwanza hospitali."

"Nimezaa saba, wewe unanifundisha tumbo? Umezaa nyuki wangapi?"

Nilicheka, lakini sikusogea. "Kabula haolewi kwa kubahatisha."

(Mwanaume ukikaa kwenye benchi la kliniki ya akina mama, macho yote kwako. Utazoea.)

Majibu yakatoka: mimba haikuwepo. Wakampima na mengine. Muuguzi akamuuliza anakula nini, analala vipi, amefiwa na nani. Hapo Kabula akalia, mara ya kwanza tangu makaburini.

Muuguzi akatueleza kwamba huzuni ikizidi, chakula na usingizi vikapotea, mwili wa mwanamke unaweza kusimamisha hedhi. Akatupeleka kwa mshauri.

Tulirudi kwake tena na tena. Mchana tunatembea kurudi nyumbani bila haraka, jua limetulia juu ya mabati, kama tunapita ndani ya asali. Kabula akaanza kula. Akaanza kulala.

Asubuhi moja natoka kwenda sokoni, akaniita toka ndani.

"Kaka, ukirudi nipitie pedi."

Shangazi alikuwa uani anapepeta mchele. Ungo ukasimama.

"Nenda sasa hivi, usingoje kurudi," akasema. Ndoa haikutajwa tena.

Nilichojifunza: dada akikosa siku zake, apimwe, na aulizwe moyo wake ukoje kabla ya kuulizwa mwanaume ni nani.

Mliowahi kuishi na mtu aliyezama kwenye huzuni, mlimsaidiaje? Andikeni hapa chini, nasoma zote.