Ushindi wa Hajiya Kande Dhidi ya Nchi Jirani

Serikali ilipotangaza kufunga mpaka ili kuwatia majirani adabu, wa kwanza kushangilia katika stendi ya malori ya Jibiya, mji wa mpakani, alikuwa Hajiya Kande, muuza masa. Masa ni ndugu wa kitumbua, na zake, za uwele, ziliwasimamisha madereva upesi kuliko askari wa forodha.

"Uwele wetu hauvuki tena," aliwaeleza wateja huku akizigeuza kwa ncha ya kijiko. "Utabaki hapa, utajaa, utashuka bei. Nchi ikiwa kali, wananchi wanashiba."

Nimesoma wenye shahada waliosema hayohayo kwa kurasa nyingi zaidi.

Aliyembishia ni Illo, mchuuzi wa vitunguu kutoka Maradi, ng'ambo. Illo ni Mgobir, Hajiya ni Mkatsina, na baina ya watu hao kuna utani tangu mababu walipochoka kupigana. Kila mmoja humwita mwenzake mtumwa wake, na hakasiriki mtu.

"Mtumwa wangu, unafurahia nini?"

"Nafurahi utabaki kwenu. Tutapumua hewa isiyo na vitunguu."

"Bei haishuki, nakwambia."

"Ikishuka?"

"Nitakupigia magoti hapahapa, makuli wote wakiona, nikuite bwana wangu."

"Basi kayaoshe hayo magoti."

Illo akavuka kwao kabla vizuizi havijawekwa.

Na bei ikashuka. Haki ya mtu apewe. Magunia yaliyokuwa yaende Maradi yalirundikana maghalani, wenyewe wakawabembeleza wanunuzi kama wachumba. Hajiya alinunua uwele kwa naira chache, bei aliyoisikia tu katika masimulizi ya mama yake. Akaumua unga, akawasha moto, akamimina kwenye mashimo ya chuma chake cha kupikia, akangoja.

Hakuja mtu. Malori hayakuwepo, kwa hiyo hawakuwepo madereva, wala makuli, wala wabadilisha fedha, wala wale wanaume ambao kazi yao ilikuwa kusimama karibu na malori. Vitunguu vya mchuzi, vilivyotoka ng'ambo, vilipanda hadi akawa anatia kimoja sufuriani kwa kumbukumbu. Akapunguza bei ya masa, akaipunguza tena. Mbuzi wa stendi wakanenepa kwa masa zilizolala.

"Hajiya, tumeshinda," nilimwambia.

"Tumeshinda, mwalimu. Haya, nunua za ushindi."

Nilinunua, lakini mshahara wa mwalimu hauwezi kushika nafasi ya malori.

Mwishowe akaapa: mwezi ukiandama malori hayajarudi, chuma hicho, urithi wa bibi yake, kitakwenda kwa mhunzi, naye ataenda kijijini kulea wajukuu. Wajukuu aliwapenda sana, wakiwa mbali.

Mwezi ukaandama. Asubuhi yake alikuwa akipika za mwisho, za sadaka, na mhunzi ameketi kando akisubiri chuma kipoe, tuliposikia honi. Vizuizi vilikuwa vimeondolewa. Hakuna aliyetuambia kama majirani walikwisha kushika adabu. Lori la kwanza lilibeba vitunguu, na juu ya vitunguu alikaa Illo.

Akashuka, akawatazama mbuzi kwa makini, kisha Hajiya.

"Uwele ulishuka?"

"Ulishuka."

Illo akapiga magoti vumbini. "Bwana wangu."

Makuli walioteremka naye wakapiga mayowe.

"Rudia, mtumwa. Kuna waliochelewa."

"Bwana wangu, mwenye uwele wa bure na mbuzi wanene kuliko yeye!"

Hajiya alicheka mpaka kijiko kikamponyoka. Alipokiokota, nyuma ya Illo madereva walikuwa wameshapanga foleni.

"Masa bei gani?" Illo akauliza, magoti yangali chini.

Hajiya aliitazama foleni hadi mwisho wake, akataja bei. Ilikuwa juu kuliko ya kabla ya mpaka kufungwa.

"He! Si ulishinda, wewe?"

"Nilishinda, nikakaa na njaa. Leo nimeshindwa, Mungu ashukuriwe. Nunua au ondoka, unanizibia wateja."

Akamimina unga mwingine kwenye chuma. Mhunzi alikitazama kikichemka, akapapasa mfuko wake, akaenda kusimama mwisho wa foleni.